FIP ya paka: GS ya sindano, GS ya vidonge au molnupiravir?

MamaPusi: Wadau, paka wangu wa miezi 9 tumbo limejaa, mgongoni mifupa mitupu. Daktari kavuta maji tumboni, ya njano, yanavutika kama ute wa yai. Kasema FIP, ule ugonjwa wa virusi vya korona vya paka. Niegemee dawa ipi? Jirani anasema steroidi, zile dawa za kupunguza uvimbe, zinatosha.

Nyau_London: Pole dada. Anza na GS-441524, ndiyo hiyo GS, dawa ya kuzuia virusi. Pedersen wa chuo kikuu cha California, Davis, aliijaribu kwa paka 31, majibu yakatoka 2019, wengi wakapona. Kabla ya hapo FIP ilikuwa kifo tu. Huku Uingereza madaktari wanaiandika kihalali tangu 2021. Ukipata vidonge, chukua vidonge. Wangu nilimchoma sindano za magendo: dawa ni tindikali, akatoka vidonda mgongoni, na akisikia kabati linafunguliwa anakimbilia nyuma ya friji.

Kisauni: Mimi nilitumia molnupiravir, ile ya Covid. Saiprasi mwaka 2023 paka walikufa kwa wingi hadi serikali ikaruhusu wapewe dawa za Covid za binadamu. Bei yake ilinifaa. Ila kapsuli ni mg 200, na paka wa kilo 3 huhitaji sehemu ndogo tu ya hiyo kwa mara moja, kwa hiyo usigawe kwa macho. Dozi ikizidi, chembe nyeupe za damu hushuka. Ningeiweka ya pili, GS ikikosekana.

MamaPusi: Na matibabu ni siku 84 kweli? Mfuko wangu jamani.

Nyau_London: Utafiti wa Ujerumani wa 2024, paka 40 wenye maji tumboni au kifuani, siku 42 za GS zilifanya kazi sawa na 84. Lakini wale walipimwa damu mara kwa mara. Usikatishe mwenyewe.

DaktariMifugo: Steroidi humrudishia hamu ya kula, virusi haviguswi. Maji ya tumboni msiyakamue kila siku, yana protini yake. Yatolewe akihema kwa shida. Wakati dawa inasubiriwa, njaa nayo ni hatari: paka akikaa siku mbili tatu bila kula, ini linaweza kuharibika. Mlishe chakula laini kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, pembeni mwa mdomo. Panadol marufuku, kidonge kimoja tu kinamuua. Na mpime kila wiki, akinenepa dozi nayo inapanda.

MamaPusi: Asante daktari. Nimempima kwa mizani ya muuza samaki, kilo 2.3 pamoja na hayo maji. Kailamba mizani yote.