Naomba ushauri: gharama za ombi la zuio nitalipwa lini?

Asalamu alaykum ndugu zangu. Niko Malindi. Jirani alinishtaki Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa mjini, akapata zuio la muda kabla mimi sijasikilizwa: nisiangue nazi wala nisijenge hata banda la kuku. Zuio la upande mmoja hutolewa kwanza kwa siku zisizozidi 14, lakini ulikuwa wakati wa kuangua. Nazi zikaanguka zenyewe, nyingine zikaibwa usiku.

Tuliposikilizwa sote, jaji akalikataa ombi lake. Nikajua nitarudishiwa nilichomlipa wakili. Kumbe uamuzi wasema gharama zitafuata matokeo ya kesi kuu! Kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai nimekisoma: kwa kawaida gharama humwendea mshindi, ila mahakama ina hiari yake.

Sasa nasikia anataka kuiondoa kesi. Akiiondoa, gharama za lile ombi nazidai vipi? Na ile ahadi ya fidia aliyoiweka mahakamani alipoomba zuio, kwamba atanilipa hasara ikionekana hakustahili kulipata, yaweza kunilipia nazi zangu, au nifungue madai mengine? Aliyepitia haya anieleze tafadhali. Mama yangu anaishi kwa minazi hii.