Naombeni ushauri: mbadala wa bei nafuu wa risasi za kuzamia

Pweza_Mkavu: Wakuu, heshima yenu. Niko Tanga, nasugua matumbo ya boti na kutafuta nanga zilizokatika. Mtungi wa hewa na suti ya kuzamia ya milimita 3 nimepata mtumba, uzito sina. Nahitaji kilo 6, na risasi za dukani, yale madini mazito ya mkanda wa kuzamia, siziwezi. Mchanga unafaa? Zege je? Kazi ni Jumamosi.

Babu Kigumu: Sisi Mafia tulizamia kambakochi na jiwe mkononi. Unafika chini, unaliacha. Mitungi ya nini?

Fundi Nondo: Mkuu, zege majini ni jepesi. Kilo 6 za risasi utazilipa kwa kilo tisa na nusu za zege, yaani kifusi kiunoni. Chuma ndicho kinaikaribia risasi, kilo 6.3 zinatosha. Nondo ya milimita 16 ina kilo 1.58 kwa mita, kwa hiyo mita 4 tu. Kata vipande vya sentimita 20, piga tupa ncha, funga vinne vinne kama kuni, kisha visha tyubu visichane suti. Ukitoka suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kutu haichelewi.

Mama Nia: Mdogo wangu, gereji zimejaa betri mbovu zenye risasi ndani na wewe huzitaji hata kidogo. Umeshafanya nini?

Pweza_Mkavu: Kusema kweli dada, nimeshayeyusha mbili, uani. Sufuria ile hatupikii tena. Nimepata kilo 4, nauliza hizo 2 zilizobaki. Nilijifunga kitambaa usoni na upepo ulikuwa unaelekea baharini.

Mvita: Hapa Mombasa, Owino Uhuru, kiwanda kiliyeyusha betri ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Watoto waliugua kwa sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kitambaa hakizuii kitu, vumbi linabaki kwenye nguo na udongo. Una mtoto?

Pweza_Mkavu: Mmoja. Miezi tisa, anatambaa.

Mvita: Usifagie. Futa kwa kitambaa chenye maji, nguo zile zifue peke yake. Mtoto mpeleke hospitali, uliza kipimo cha risasi kwenye damu.

Mnusa Chai: Chai hii. Ana mtungi, ana suti, hana mkanda? Anatafuta wachangiaji huyu.

Pweza_Mkavu: Chai gani ndugu? Jumatatu nimezama na hizo kilo 4. Mtungi wa alumini ulipokaribia kwisha ukaanza kuninyanyua mgongo, nikang'ang'ania mnyororo wa nanga nisipae. Ndiyo maana nataka 6. Mkanda ni kamba ya katani mizunguko mitatu, fundo nyuma. Ikilowa haifunguki, mke wangu ndiye aliyeikata kwa kisu nyumbani. Nani atatunga hayo?

Mama Nia: Yarabi.

Fundi Nondo: Basi risasi tuiweke pembeni. Mkanda wa uzito una kifungio mbele, unavuta kwa mkono mmoja unadondoka wote. Hewa ikikata, hiyo ndiyo njia yako ya kurudi juu. Na katani iliyolowa je, utaitafuna? Usizame nayo tena. Uko mtaa gani?

Pweza_Mkavu: Raskazone. Ila mwenye boti ameshanipa kishika uchumba.

Fundi Nondo: Ijumaa jioni nakuletea mkanda wangu wa zamani. Nondo kata wewe.

Pweza_Mkavu: Nakata kesho. Asubuhi tunaenda hospitali kwanza.