Wikendi ya familia kumuenzi Claude Strebelle kwenye nyumba ya shamba: tuandae nini?

Mwana_Kafubu

Jambo yenu ba yaya na ba papa. Tunaandaa wikendi ya familia, Jumamosi na Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, kwenye nyumba ya zamani ya shamba upande wa barabara ya Kipushi, nje kidogo ya Lubumbashi. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, haina ghorofa, barza (baraza, kibaraza cha nje) ya mbao imezunguka pande tatu, paa ni la malata (mabati). Dari ni mbao, ila vyumba viwili vina vibao vya kijivu, vigumu, vyembamba. Tunataka kumuenzi Claude Strebelle, aliyechora teatro ya mji, ile Bâtiment du 30 Juin (Jengo la 30 Juni). Tunategemea watu 120 kwa siku, nusu yao watoto.

Watoto wafanye nini badala ya kukalishwa kwenye viti kusikiliza hotuba? Nyumba itabeba watu wote hao? Na jambo linalotusumbua zaidi: nyumba yenyewe hakuichora Strebelle. Ni aibu?

Fundi_Ruashi

Nianzie mwisho, maana hapo mkikosea mengine yote yanaharibika. Kutumia nyumba ya mtu mwingine si aibu. Aibu ni kutundika getini bango la "Nyumba ya Strebelle". Mzee anayeujua mji akiliona, hamtamwambia kitu tena siku nzima. Ubao wa kwanza useme wazi kwamba hii ni nyumba ya shamba, haikuchorwa naye, na imechaguliwa ili watu waone kwanza jua na mvua ya Katanga vinataka nini kwenye jengo, kabla ya kwenda kuona kazi yake mjini.

Kuhusu mtu mwenyewe, andikeni machache yaliyo ya hakika. Alikuwa Mbelgiji, alizaliwa 1917, akafa 2010. Baba yake, Rodolphe, alikuwa mchoraji. Ndugu yake Olivier akawa mchonga sanamu. Hapa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, alifanya kazi na kikundi cha wasanifu kilichojiita Yenga, yaani "jenga", jina ambalo sikio la mtu wa hapa halihitaji kutafsiriwa. Teatro ilijengwa kati ya 1953 na 1956. Aliporudi Ubelgiji, kuanzia miaka ya 1960 alisimamia mpango wa kampasi ya Sart Tilman ya Chuo Kikuu cha Liège, majengo yaliyopandwa ndani ya msitu.

Hiyo Sart Tilman ndiyo iwape mchezo wa kwanza wa watoto. Chukueni sinia pana au mlango wa zamani uliolazwa juu ya meza, mwageni mchanga sentimita 4, chomekeni vijiti 40 vyenye majani: huo ndio msitu. Kila kundi la watoto wanne lipewe maboksi sita ya kiberiti na uzi mwekundu wa barabara. Sharti ni moja tu: hakuna kijiti kinachong'olewa, na uzi lazima ufike kwenye kila boksi. Mwanzoni wote wanapanga maboksi kwenye mstari mmoja, halafu wanagundua msitu hauwaruhusu. Ni dakika 25, hata mtoto wa miaka sita anaweza. Mchanga uwe na unyevu kidogo, ukikauka vijiti vinaanguka na ugomvi unaanza.

Mama_Matofali

Naongeza kazi ya udongo, maana kwa watoto wa Katanga kuongelea jengo bila kichuguu ni kama bukari (ugali) bila mboga. Matofali mengi ya huku yanatoka kwenye udongo wa kichuguu, na hiyo nyumba inawezekana kabisa ilitoka kwenye kichuguu kilichokuwa palepale shambani. Waonyesheni.

Pimeni tofali la nyumba kwanza. Tuseme mmekuta 22 × 11 × 6. Ligawanyeni kwa 5: tofali dogo la 4.4 × 2.2 × 1.2. Lakini kalibu isichongwe kwa vipimo hivyo, kwa sababu udongo ukikauka unajikunja. Chongeni 4.8 × 2.4 × 1.3, halafu jaribuni matofali kumi kabla ya kutengeneza yote. Udongo ndoo tatu kwa mchanga ndoo moja, mchanga uliochekechwa. Bila mchanga tofali linapasuka katikati. Mchanga ukizidi pembe zinamomonyoka mkononi. Matofali 1,100 yanawatosha kwa siku moja, na msiogope hesabu: ndoo moja ya lita 20 ya mchanganyiko huo inayamaliza yote na kubakiza.

Yakaukie kivulini siku tano, yageuzwe kila siku. Kosa la kila mwaka ni kuyaanika juani Ijumaa ili yawahi Jumamosi. Ngozi ya juu inakauka na kujivuta wakati tumbo bado bichi, ndipo nyufa zinapotokea.

Kundi la watoto wanne lijenge ukuta wa matofali tisa kwa mstari, mistari minane. Hayo ni 72. Tope la kuungia liwe zito kama siagi, lipakwe jembamba. Tofali bichi linakunywa maji, mkilipaka uji linalegea na ukuta unakaa chini kama mlevi. Kundi la kwanza liachieni lipange viungo juu ya viungo, kundi la pili lipange kila tofali likanyage mawili ya chini. Kisha mtoto mmoja asukume kila ukuta kwa kidole kimoja. Ule wa kwanza unafunguka kama mlango, mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Baada ya hapo wapelekeni kwenye ukuta wa nyumba, waulizeni fundi wa zamani alifanya lipi.

Kivuli_Saa_Sita

Barza msiiache iwe mahali pa kuweka soda tu. Ndiyo somo kubwa kuliko yote mliyo nayo hapo.

Lubumbashi iko karibu nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa sita jua la mchana linakaa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linahamia kusini. Simamisheni kijiti cha mita moja kwenye uwanja ulio sawa, kinyoosheni kwa timazi (jiwe na uzi linatosha). Wikendi yenu jua litafika juu kabisa karibu saa sita na dakika 11, si saa sita kamili, kwa sababu tuko magharibi ya mstari ambao saa yetu inaufuata. Kivuli kitakuwa kama sentimita 39, kikielekea kusini. Mwezi wa sita kingekuwa 70. Mwezi wa kumi na mbili kinageuka kuelekea kaskazini na kubaki 21 tu.

Sasa nendeni kwenye barza ya upande wa kaskazini, kama ipo. Pimeni kutoka sakafu hadi ukingo wa chini wa paa. Ukikuta mita 2.40, jua la saa sita siku hiyo litaingia sentimita 93 ndani ya sakafu, likihesabiwa kutoka chini ya ukingo wa paa. Mtoto achore mstari wa chaki pale mwanga unapoishia. Halafu mchoreeni mstari wa pili kwenye mita 1.70: hapo ndipo jua linafika mwezi wa sita, wakati baridi inauma na watu wanalitaka. Barza yenye upana wa mita 2.50 inaliacha jua liguse sakafu na kuukinga ukuta. Mwenye kuchora mistari hiyo miwili hahitaji kuelezwa tena kwa nini barza ina upana ule.

Fundi_Ruashi

Kivuli, hiyo ya chaki ni safi. Ila sakafu ya mbao ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, si maji ya ndoo.

Papa_Lata

Nimesubiri mtu aguse vile "vibao vya kijivu, vigumu, vyembamba". Hakuna aliyegusa. Vibao vya aina hiyo kwenye nyumba za zamani mara nyingi ni simenti iliyochanganywa na amianti (asbesto, nyuzi ambazo vumbi lake linadhuru mapafu), na kwa macho huwezi kujua ni vipi viko salama. Vichukulieni vyote kuwa na amianti. Msitoboe, msigongelee msumari wa mapambo, msisugue. Kibao kikiwa kizima na kimepakwa rangi, kinatulia. Kimevunjika kona? Fungeni chumba hicho wikendi nzima, na unga ulioanguka usifagiliwe mkavu: lowesheni, okoteni kwa kitambaa, mfuko juu ya mfuko.

Rangi ya zamani inayobanduka nayo inaweza kuwa na risasi, yale madini yenye sumu. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, bila mjadala.

Kuhusu uzito, barza ya mbao inaoza pale nguzo inapokutana na chini. Chukueni bisibisi, chomeni kila nguzo sentimita 10 za mwisho na kila boriti chini ya sakafu. Bisibisi ikizama bila nguvu, mchwa wameshakula. Zibeni kipande hicho kwa kamba. Kwingine, mtu mmoja kwa kila mita ya mraba, na hakuna kuegemea ukingo kwa ajili ya picha ya familia. Picha ya watu 120 ipigwe uwanjani.

Ndani, makundi ya watu 15 kwa dakika 20, mlango mmoja wa kuingia, mwingine wa kutokea. Makundi manane yanachukua saa mbili na dakika 40 yakifuatana, basi anzeni mapema. Picha na michoro itundikwe kwa kamba na vibanio vya nguo kati ya nguzo, nakala tu, kamwe si karatasi za asili. Msumari kwenye lipu ya chokaa unaangusha kipande cha ukubwa wa sahani.

Waya za zamani zisibebeshwe birika la umeme. Mbabula (majiko ya mkaa) ziwe chini kwenye udongo mtupu, mita tano kutoka barza, upande ambao upepo unaondoa cheche. Mwezi wa nane nyasi ni kavu na watu wanachoma pori. Limeni ukanda wa mita tano kuzunguka uwanja kabla ya Ijumaa. Maji lita tano kwa kila mtu, yaani bido (madumu) 30 za lita 20 kwa siku, na vyoo visivyopungua vitatu.

Mwana_Kafubu

Aksanti sana. Vyumba vya vibao tutavifunga vyote viwili. Jumapili tukitaka kuwapeleka mjini kuona teatro?

Fundi_Ruashi

Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache. Barua ya ruhusa ipelekwe wiki mbili kabla. Kwa kuingia ndani na kwa picha ni maombi mawili tofauti, msiyachanganye. Mkinyimwa kuingia, zungukeni nje na kila mtoto achore kitu kimoja tu kinachozuia jua. Kama muda upo, pitieni sinagogi iliyochorwa na Raymond Cloquet, ya mwaka 1930, ili waone matofali ya kizazi kilichotangulia.

Na vile vipimo vya nyumba mtakavyochukua na watoto, vichoreni kwa kipimo cha 1 kwa 50, sentimita 2 kwa kila mita. Nakala moja iachwe kwa wenye nyumba. Nyingi ya nyumba hizi hazina mchoro hata mmoja, na siku paa likihitaji kubadilishwa ndipo fundi anaanza kupima upya juu ya ngazi.

Mwana_Kafubu

Itaachwa. Kichuguu kipo nyuma ya stoo, Jumatatu tunachimba.