Tairi mpya za Fiesta ST (205/40 R17): Pilot Sport 5, Eagle F1 Asymmetric 6, RainSport 5 au za uwanjani?

KonaKali
Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo yenu kabla sijafanya uamuzi.

Nina Ford Fiesta ST ya 2014, ile ya lita 1.6 yenye tabo. Imefungwa Bridgestone Potenza RE050A, aina ileile iliyotoka nayo kiwandani. Za mbele zimebaki milimita 2 za kashata (mpira wenye mifereji unaogusa lami) katikati, na ukingo wa ndani umeshakuwa kipara. Za nyuma zina milimita 4, lakini ubavuni zimeandikwa 3517, yaani zimetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2017. Nataka kubadilisha zote nne.

Gari naitumia kila siku, mvua na jua. Siku za mapumziko naamka alfajiri nikapande barabara ya mlimani yenye kona nyingi, na mara mbili kwa mwaka naipeleka kwenye uwanja wa mbio. Ninachoogopa kukipoteza ni hisia ya usukani. Sasa hivi nikiugusa tu, pua imeshaelekea ninakotaka.

Nimechuja hadi nikabaki na Michelin Pilot Sport 5, Goodyear Eagle F1 Asymmetric 6 na Uniroyal RainSport 5. Kuna rafiki ananishawishi niache zote nifunge za uwanjani, mfano wa Yokohama Advan Neova. Mliozitumia nisaidieni.

MpandaMlima
Chukua Pilot Sport 5 mkuu. Ilitoka 2022 kuchukua nafasi ya Pilot Sport 4 ya 2016, na mimi nimezitumia zote mbili kwenye gari linalokaribiana sana na lako. Itazame kashata yake utaelewa: upande wa nje una vipande vikubwa vilivyoshikana kwa ajili ya kona kavu, upande wa ndani una mifereji mipana ya kutoa maji. Nikiingia kona ya kushuka na breki bado nimezishika kidogo, naisikia tairi ya mbele inabeba uzito na inaniambia imebakiwa na nafasi kiasi gani. Kwangu hilo ndilo kubwa.

BintiGia
Simpingi MpandaMlima, ila ST ina springi ngumu na ubavu wa 40 (yaani kimo chake ni asilimia 40 ya upana wa tairi) ni mwembamba. Kwenye lami iliyochakaa kila kiraka unakisikia mgongoni. Nilipofunga Asymmetric 6 gari langu lilitulia: matuta madogo yanamezwa, na ule mvumo wa barabarani ukapungua hata abiria wangu akauona. Kwenye kona inashika vizuri sana, ingawa nakubali kwamba usukani unajibu kwa upole zaidi. Kaka KonaKali, siku nyingi za mwaka uko njiani kwenda kazini, mlimani huko ni asubuhi chache tu. Zihesabu kwanza.

FundiUbavu
Wadau, tusitaje majina ya tairi kabla hatujaisoma ile ya zamani. Mwenye gari kasema ukingo wa ndani wa tairi za mbele umekwisha huku katikati kuna milimita 2. Hiyo ni dalili ya alaimenti mbovu, yaani pembe zinazoelekeza tairi hazijakaa sawa. Mara nyingi maana yake ni kwamba tairi za mbele zinatazama nje kidogo, kila moja inaelekea upande wake. Gari likienda moja kwa moja, ukingo wa ndani unasuguliwa kilomita hadi kilomita.

Sasa sikiliza, KonaKali, kwa sababu hili linagusa hofu yako yenyewe. Tairi za mbele zinazotazama nje hufanya pua iwe nyepesi kugeuka. Ukigusa usukani, tairi ya ndani ya kona tayari imeshaelekea huko. Juu ya hapo, tairi iliyobaki milimita 2 haina kashata ndefu za kupinda. Tairi mpya nyingi huanza na milimita 7 au 8 za mpira, na mpira huo lazima ujikunje kidogo kabla nguvu ya usukani haijafika barabarani. Kwa hiyo ule wepesi unaoupenda, sehemu yake inatoka kwenye alaimenti mbovu na sehemu nyingine kwenye uchakavu. Tairi yoyote utakayofunga, hata iwe bora kuliko zote duniani, siku ya kwanza utaihisi nzito. Wengi hulaumu tairi hapo, wanaanza kuandika kila mahali kwamba ni mbaya, na hawajatembea nayo hata kilomita 300.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Nenda kapime alaimenti sasa hivi, na hizo hizo za zamani zikiwa bado zimefungwa, uirudishe kwenye vipimo vya kiwandani. Waombe karatasi ya kabla na baada. Waangalie pia bushi (mipira ya viungo vya chini ya gari) na ncha za usukani, maana vikilegea vipimo havitadumu. Endesha siku chache. Hapo utajua gari lako hasa lina usukani wa namna gani, ndipo uchague tairi. Ukifunga tairi mpya juu ya alaimenti hiyo, zitaliwa ndani kama hizi.

Na ubavuni hakikisha imeandikwa 84 na XL. Kwa saizi hiyo tairi ya kawaida hubeba fahirisi 80, yaani kilo 450 kwa tairi moja. Ya 84 hubeba kilo 500 na ukuta wake umeimarishwa. Herufi ya kasi (inayoonyesha mwendo wa juu ambao tairi inahimili) isiwe chini ya iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

MvuaKubwa
Naitetea RainSport 5 kwa sababu naona itapuuzwa. Jina lake linasema ilivyokusudiwa, na mwenye gari ametaja mvua kabla ya mlima. Ninapoishi maji husimama kwenye mikondo ya lami, na tangu nimeifunga sijausikia ule wepesi wa ghafla wa usukani unaokuambia tairi zimeanza kuelea.

Watu huniambia lebo ya Ulaya imeipa tairi yao alama A kwenye maji, basi yamekwisha. Someni vizuri jamani. Kipimo kile ni cha kufunga breki kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa saa kwenye lami yenye maji ya kina cha takriban milimita 1. Kuelea juu ya dimbwi na kushika kona ya mvua havimo humo kabisa.

Kwa uwanja wa mbio sitaipendekeza, haikuundwa kwa joto la namna hiyo.

SaaYaMzunguko
Rafiki yako wa Neova ana haki kwa siku mbili za mwaka. Kwa siku nyingine zote hapana. Toleo la Neova AD08R lina namba 180 ya uchakavu na la AD09 lina 200; namba ikiwa ndogo, tairi huisha haraka. Ni mpira laini unaotaka joto ndipo ushike. Asubuhi ya baridi ukitoka nyumbani bado halijafika hilo joto, na kashata zake zina mifereji michache kwa dimbwi kubwa. Ukitaka raha hiyo, tafuta rimu nyingine nne uziweke stoo, uzifunge siku ya uwanjani tu. Mimi nafanya hivyo, na tairi zangu za kila siku zinadumu zaidi kwa sababu siziunguzi uwanjani.

Mgeni_205
Samahani kuingilia. Akiweka 205/45 R17 si atapata ubavu mnene na starehe anayoisema dada BintiGia?

FundiUbavu
Piga hesabu ndugu yangu. 205/40 R17 ina kipenyo cha milimita 596 hivi, 205/45 inafika 616. Ni ongezeko la asilimia 3.4. Saa ya mwendo itakudanganya kwa kiasi hicho, gia zitakuwa ndefu, na ndani ya fenda nafasi inapungua. Abaki na 205/40.

MpandaMlima
Nakubaliana na fundi kuhusu alaimenti, sikuufikiria ule ukingo. Nyongeza moja kwa wasomaji wengine: mkibadilisha mbili tu, hata kwenye gari linalovutwa na tairi za mbele, mpya zifungwe nyuma. Mbele zikiteleza kwenye maji gari linaenda moja kwa moja na dereva anaachia mafuta. Nyuma zikiteleza gari linazunguka, na wengi hawana mkono wa kulirudisha.

KonaKali
Wakuu nimerudi. Nilifuata ushauri wa FundiUbavu. Karatasi imeonyesha tairi zote mbili za mbele zilikuwa zinatazama nje kupita kipimo, ya kushoto zaidi. Bushi ya mkono wa chini upande huo ilikuwa imekatika, nimeibadilisha ndipo tukapima upya.

Niliendesha siku nne na RE050A zilezile. Ni kweli kabisa, ule wepesi umepungua karibu nusu, na sikuwa nimegusa tairi. Lakini kwenye kufunga breki kwa nguvu gari sasa linasimama limenyooka, zamani lilikuwa linahangaika kama linatafuta njia. Kumbe nilikuwa nashikilia usukani kwa nguvu bila kujua.

Baada ya hapo swali lilibaki kati ya Pilot Sport 5 na Asymmetric 6. RainSport niliitamani kwa ajili ya mvua, ila siku mbili za uwanjani zikaniondoa, na sina mahali pa kuweka rimu za pili. Dada BintiGia, nilihesabu asubuhi zangu za mlimani kama ulivyoniambia. Ni 30 na kitu kwa mwaka, na ndizo nilizonunulia gari hili. Nimefunga Pilot Sport 5 zote nne, 84 XL.

Kilomita 150 za kwanza usukani ulikuwa kama una sifongo katikati, nikakumbuka maneno ya fundi nikavumilia. Sasa nimefika 420 na umekaza. Bado haujafika ule wa zamani, lakini jana mvua ilinikuta kwenye kona ndefu ya kushuka, ile ambayo RE050A zilikuwa zinasukuma pua nje, na gari likafuata mstari. Kesho alfajiri nitapima upepo tairi zikiwa bado baridi, nianze na kipimo cha kitabu, kisha nipande mlima nikaandike hapa namba nilizorudi nazo.