Kundi la ukoo: nyumba ya Nyamanoro na maduka ya Buzuruga

Baba: Habari za jioni wanangu. Nimeamua hati ya nyumba ya Nyamanoro niihamishie kwa Masanja kabisa, ili nikiondoka msigombane.

Nkwimba: Shikamoo baba. Naomba usihamishe kwanza. Hati ikishasoma Masanja, nyumba ni yake. Akikopa benki akashindwa, inapigwa mnada na nyie mmo ndani. Halafu mama ameridhia? Ni nyumba ya ndoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamlinda.

Masanja: Dada, mimi nimuuzie baba nyumba??

Nkwimba: Sikusemi vibaya mdogo wangu. Hata ukitangulia wewe, nyumba inaingia kwenye mirathi yako, baba anabaki kuomba.

Shangazi: Kaka andika wosia. Wangu uko RITA, ofisi ya serikali inayotunza wosia, na nilipouza shamba la Magu niliubadilisha. Ukiwa na akili zako unaubadilisha muda wowote.

Baba: Nyumba sawa. Lameck je? Darasa la tatu, hana baba hana mama. Nikimwachia maduka ya Buzuruga, nani atashika kodi?

Nkwimba: Hapo ndipo udhamini unafaa, baba. Unateua wadhamini, maduka yanahamia kwao wayashike kwa ajili yake. Wanakusanya kodi, wanalipa ada, akifika umri utakaotaja wewe, hata 25, wanamkabidhi. Masharti unapanga wewe: akiugua watumie kiasi gani, mdhamini asiyetoa hesabu aondolewe vipi na nani ashike nafasi yake. Ila kama unataka uwezo wa kuubadilisha au kuuvunja ungali hai, uandikwe humohumo. Usipoandikwa, umefunga.

Masanja: Si bora abaki na huo uwezo basi?

Nkwimba: Una gharama yake. Baba akibaki na mamlaka yote, wadai wakija, mahakama inaweza kuona mali bado ni yake. Na kuandika hati tu hakutoshi, maduka yahamishwe kweli kwa wadhamini.

Shangazi: Mdhamini mmoja awe mtu baki. Wote wakiwa wa ukoo, huyo mtoto hatamwona wa kumlalamikia.

Baba: Wabeja, asanteni. Nyumba naiandikia wosia, mama yenu akae humo hadi mwisho. Maduka ni ya Lameck. Nkwimba tafuta wakili, Masanja njoo kesho tutoe hati sandukuni.

Masanja: Sawa baba. Nitapita nikitoka soko la Mwaloni.