Michoro ya zambarau kwenye ngozi ya kichanga haiondoki hata akipata joto: tusubiri tu?

MamaWawili
Wakuu, mtoto ana wiki 6. Tangu azaliwe ana michoro ya zambarau kama wavu mguu wa kushoto, na kidogo usoni kuzunguka jicho la upande huohuo. Tukimfunika vizuri haiondoki. Kliniki wameandika CMTC, yaani kasoro ya kuzaliwa ya mishipa midogo ya damu kwenye ngozi, wakasema itafifia yenyewe. Kuna la kufanya?

Ngozi_Salama
Kutoondoka na joto ndiyo dalili yenyewe. Vichanga wengi hutoka wavu wa namna hiyo wakipigwa na baridi, kisha unapotea wakipata joto. CMTC hubaki, na hukolea mtoto akilia. Aliyeieleza kwanza, mwaka 1922, ni Cato van Lohuizen, daktari wa watoto Mholanzi.

Ni kweli kwa wengi hufifia sana miaka 2 ya mwanzo. Ila mguu ufuatiliwe: kila kliniki wapime urefu na unene wa paja na wa shavu la mguu, miguu yote miwili, sehemu zilezile, kwa sababu wenye michoro mara nyingi huwa mwembamba. Kagua pia kama ngozi imebonyea au inachimbika vidonda. Krimu za steroidi achana nazo. Mishipa haziigusi, ngozi zitaikondesha.

MuuguziMacho
Mimi nimekwama hapo kwenye "kuzunguka jicho". Hilo halisubiri kufifia, apelekwe kwa daktari wa macho wiki hii. Hofu ni glakoma: presha ya jicho hupanda, neva ya kuonea inakufa, na ikishakufa hairudi.

Kwa kichanga jicho lenyewe hutanuka. Konea, kile kioo cha mbele, huwa na upana wa kama mm 10 akizaliwa. Ikizidi mm 12 kabla ya mwaka 1, ni shaka kubwa. (Ndiyo yale macho makubwa ambayo wageni huyasifia.) Machozi nayo hudhaniwa ni mfereji ulioziba, lakini huo huleta tongotongo, anayekwepa mwanga au mwenye ukungu kwenye konea ni wa kukimbizwa.

MamaWawili
Asante dada. Wakikuta presha iko sawa, tumemaliza?

MuuguziMacho
Hapana, inaweza kupanda baadaye, kwa hiyo muulize tarehe ya kurudia. Tena wakimpima chini ya nusukaputi, dawa nyingi za usingizi hushusha presha, hivyo namba pekee isiwatulize. Waangalie na neva. Ikiwa imepanda, tiba kwa umri huu mara nyingi ni upasuaji. Matone ya timolol, ya kushusha presha ya jicho, yanaweza kupunguza pumzi na mapigo ya moyo, basi ukiweka, bana kona ya ndani ya jicho dakika 2. Brimonidine, matone mengine ya presha ya jicho, asipewe kabisa.