Wakuu, kinyonga anafumba macho mchana na kula hataki. Nimpe dawa gani?

Mwana wa Buhongwa
Habari za jioni wakuu. Naingia kwenye mada moja kwa moja. Hapa nyumbani nina kinyonga, wale wa kijani wa kawaida wa kwenye miti ya huku kwetu Mwanza, wenye vingozi vinavyoning'inia nyuma ya kichwa. Tulikuwa tunaishi naye vizuri tu, anakula panzi mpaka unawaonea huruma panzi. Ghafla kasusa. Panzi anampita mbele ya pua, ulimi hautoki. Mchana kweupe anafumba macho, rangi inakuwa nyeusi nyeusi yenye madoa, usiku ndiyo anapauka. Maji namwekea kwenye kifuniko cha soda, hagusi.

Ninachoomba ni jina la dawa tu. Duka la dawa za mifugo lipo hapa karibu lakini nikitaja kinyonga watanicheka. Ni wa mtoto, kila akitoka shule analia. Nawasilisha.

Mpiga Kasia
Nimewahi siti ya mbele. Narudi kusoma.

Bibi Sangara
Kinyonga ndani ya nyumba unayolala, mwanangu? Marehemu mama yangu alikuwa akimkuta njiani anarudi nyumbani, safari imeisha, hata kama ni ya sokoni. Wewe unamtafutia dawa! Mtoe huyo mdudu wa watu halafu Jumapili uende ibadani.

Mhaya Mtulivu
Panzi gani hao mkuu? Maana kama ni senene, huyo kinyonga anaishi maisha kuliko mimi. Mwaka juzi mwezi wa kumi na moja shemeji alitoka Bukoba na ndoo nzima, akaiacha kwangu akisema anaifuata jioni. Jioni yenyewe nikamwambia wameruka. Hajanisamehe mpaka leo, kwenye misiba tunasalimiana kwa kichwa tu.

Dokta wa Mbuzi
Mleta mada pole. Mimi ni mtu wa mifugo, kinyonga si fani yangu hasa, lakini nimewashika wengi. Dawa weka pembeni kwanza, nijibu haya: anakaa kwenye nini? Jua linampata? Macho yametuna au yameingia ndani? Tumbo likoje? Na hao panzi mnawakamata wapi?

Halafu hicho kifuniko cha soda kitoe. Kinyonga huyo hanywi maji yaliyotulia, hayatambui. Porini analamba matone ya umande na mvua kwenye majani. Nyunyizia majani kwa chupa ya kupulizia, asubuhi na jioni, kwa muda mrefu mpaka umwone anameza.

Mwana wa Buhongwa
Asante dokta. Anakaa sehemu nzuri tu, ana nafasi ya kutosha. Panzi mtoto anawatoa kwenye bustani za mchicha huku chini. Sasa nikifika dukani nitaje nini? Kuna jamaa kaniambia OTC ya kuku inafaa wanyama wote, na nimeshainunua, naogopa tu kipimo.

Dokta wa Mbuzi
"Sehemu nzuri" si jibu. Hata mahabusu ina nafasi. Na hiyo OTC usimpe. Ni ya kupambana na bakteria na hujui kama anao. Ukimpiga antibayotiki mnyama aliyekaukiwa maji unamuongezea mzigo kwenye figo.

Kwenye mchicha nako angalia. Bustani nyingi zinapigwa sumu ya wadudu, na panzi aliyekula jani lenye sumu anaihamishia kwa kinyonga. Wa huko Misungwi na Kwimba wanajua, pamba ikishapigwa dawa kuku wanafungiwa.

Nyamagana Yetu
Kaona bei ya sato akaamua kufunga moja kwa moja 😂
Mkuu mvushe kisiwani Saanane akaungane na wenzake. Pale zamani palikuwa bustani ya wanyama, tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, atalindwa na askari wenye bunduki.

Mama Kuku Nyegezi
Mimi nilikuwa na tetea alisusa hivihivi, anasimama kama pengwini, mkia chini. Watu wakasema kideri, jirani akasema tuchinje tuwahi. Nikamkalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nikapaka mafuta ya kula kwenye kidole, nikapapasa. Yai lilikuwa limekwama! Lilipotoka alinitazama nikajua kabisa ananishukuru. Yule jirani hadi leo nikipita na trei za mayai anageukia ukutani. Mleta mada, ni jike au dume?

Mwana wa Buhongwa
Sijui jinsia dada yangu.

Sawa, niseme ukweli kidogo. Yupo kwenye lile tangi la kioo la samaki, samaki walishakufa. Juu nimefunika kipande cha ubao na nimelisukuma chini ya kitanda. Sababu ipo. Mama mwenye nyumba alimwona dirishani akapiga yowe, wapangaji wote wakatoka wakidhani mwizi. Akanipa uchaguzi, yeye au kinyonga. Sasa nikimtoa juani si nimefukuzwa? Ndiyo maana naona dawa ni rahisi.

Dokta wa Mbuzi
Hapo sasa tunaongea. Kinyonga anahitaji jua lenyewe, si mwanga tu. Ile miale ya jua ndiyo inamtengenezea vitamini D, na bila hiyo vitamini hawezi kutumia chokaa iliyo kwenye chakula. Akikosa muda mrefu mifupa inalainika, taya linakuwa laini, miguu inapinda. Kioo kinaizuia miale hiyo, kwa hiyo hata ungemweka dirishani ni bure. Na ukisema umpeleke juani na tangi lake, atachemka humo kabla hujamaliza chai. Hewa haipiti.

Kinachomfaa ni kitu cha wavu, matawi ndani, jua la asubuhi upande mmoja na kivuli upande wa pili achague mwenyewe. Hata chandarua kibovu na fremu ya mbao kinatosha.

Jibu tumbo.

Shahidi wa Pili
Weka picha tuone.

Mwana wa Buhongwa
[picha]

Shahidi wa Pili
Hahahaha. Jamani njooni muone. Mkuu, umesema ni wa kijani mwenye vingozi nyuma ya kichwa. Huyu ana pembe tatu usoni! Huyu ni wa nyanda za juu za Kenya, na kwa Tanzania anajulikana Mlima Meru, na mwenye pembe kubwa namna hii ni dume. Alifikaje Buhongwa, alipanda basi?

Halafu nimepita kwenye nyuzi zako za nyuma. Mwezi wa tatu ulikuwa unatafuta mchumba, ukaandika kwa herufi kubwa SINA MKE SINA MTOTO. Leo mtoto analia akitoka shule. Wakuu, hii ni chai.

Nyamagana Yetu
Chai ya rangi, tangawizi kwa mbali.

Mhaya Mtulivu
Ngoja nilete vitumbua.

Bibi Sangara
Huyu kijana sijui anatafuta nini. Watu wazima tumekaa hapa tunawaza tumbo la kinyonga ambaye hayupo.

Mwana wa Buhongwa
Kamera ya simu yangu imekufa, nikachukua picha mtandaoni ili watu waelewe kinyonga ni kitu gani. Kinyonga ni kinyonga tu. Na mtoto ni wa dada yangu, anakaa kwangu kwa sababu shule ipo karibu. Mchumba bado natafuta kama mnataka kujua.

Shahidi wa Pili
Wote hapa tunajua kinyonga ni kitu gani mkuu. Mods fungeni huu uzi.

Dokta wa Mbuzi
Iwe chai iwe uji, mimi swali langu la tumbo nimeuliza toka mwanzo. Mtu anayetunga angeshatunga na jibu.

Mwana wa Buhongwa
Nimeazima simu ya fundi wa jirani. Hii hapa, na gazeti la leo nimeweka pembeni mridhike.
[picha] [picha]

Tumbo ni kubwa, ndiyo. Ukimshika unahisi vinundu vinundu. Lakini mimi nilijua kanenepa, alikuwa anakula sana. Na alikuwa anazunguka chini usiku na mchana, anakwangua. Mwanzoni tangi lilikuwa na udongo, akawa anachimba anajichafua mpaka machoni, nikautoa wote nikaosha. Sasa anakwangua kioo.

Mama Kuku Nyegezi
JIKE! Niliuliza mimi! Mtoto wa watu anatafuta pa kutagia, wewe umemfagilia leba!

Dokta wa Mbuzi
Kwa picha hii ya pili, ubavuni mayai yanajichora kabisa. Mleta mada, soma taratibu.

Hawa wa kwetu wanataga, hawazai kama yule wa pembe uliyemchukua mtandaoni. Jike anashuka mtini, anachimba shimo refu kwenye udongo wenye unyevu, anataga mayai 20 mpaka 40 na zaidi, anafukia na kuondoka. Mayai yanakaa ardhini miezi mingi, yanaweza kukaribia mwaka. Wiki za mwisho anapunguza kula au anaacha, kwa sababu tumbo halina nafasi. Asipopata pa kuchimba anayazuia. Akiyazuia sana anakufa nayo. Kufumba macho mchana ni dalili kwamba ameshachoka.

Tafuta ndoo yenye kina. Jaza mchanga uliochanganywa na udongo wa bustani, robo tatu hivi, unyevu wa kutosha ili ukitoboa kwa kidole tundu lisimame bila kubomoka. Mkalishe humo na tawi la kupandia, funika kwa wavu, weka kitambaa pembeni asione watu. Usimchungulie kila saa, akiona anatazamwa anaacha kuchimba. Mnyunyizie matone ya maji kwanza anywe, macho yake yameingia ndani. Kesho akiwa hajachimba na bado amelegea, ulizia daktari wa mifugo wa wilaya. Kuna sindano za kusaidia, ila si za kujichomea nyumbani, na ile OTC kaipe kuku.

Shahidi wa Pili
Dokta umenishawishi kuhusu mayai. Yeye bado. Mleta mada, mtoto si wako, mama mwenye nyumba hamtaki, mnyama anaumwa. Ukimweka chini ya mwembe saa hii atajichimbia mwenyewe. Kwa nini humwachii? Hakuna hata mmoja uliyemjibu hapo.

Mwana wa Buhongwa
Siwezi kumwachia.

Nyamagana Yetu
Chai imechemka upya.

Mwana wa Buhongwa
Kuna mtu. Yupo Dar. Ananunua kinyonga kwa uzito, na ameshanitumia kianzio, nimelipia kodi ya nyumba. Alisema akifikisha gramu anazotaka anakuja mwenyewe. Nikimwambia kinyonga kataga, uzito si unashuka nusu? Msinione mbaya, ndugu zangu, maisha ya mjini mnayajua. Ndiyo maana niliuliza dawa ya hamu ya kula, nyie mkaanza habari za matangi.

Bibi Sangara
Ndiyo maana hukutaka kusema tumbo!

Askari Pori Mstaafu
Nilikuwa napita tu. Kijana, kinyonga ni mnyamapori. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kumkamata na kummiliki, na kibali hakitoki kwa mama mwenye nyumba. Kuwapeleka wanyama hai nje ya nchi serikali ilikwishazuia mwaka 2016, na vinyonga wamo kwenye CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mnunuzi anayepima gramu hamtaki wa kumpamba sebuleni. Nenda TAWA, mamlaka ya wanyamapori, mwenyewe kabla hujafuatwa. Na wewe wa Saanane, mnyama hatupwi hifadhini bila wenyewe kujua.

Mwana wa Buhongwa
Mzee shikamoo. Lakini mimi sijauza. Nimepokea kianzio tu. Na mbona watu wanafuga njiwa na hakuna anayewauliza?

Askari Pori Mstaafu
Marahaba. Maelezo hayo kawape wenyewe wakikuita.

Mhaya Mtulivu
Mimi nina swali la kibiashara, kianzio kilikuwa shingapi?

Mama Kuku Nyegezi
Wanaume bwana. Mwenzenu anaumwa uchungu chini ya kitanda, mnauliza bei. Mleta mada, ndoo umepata?

Mwana wa Buhongwa
Ninayo ya lita 10. Mchanga nimeagiza kwa mtoto wa dada yangu, kaenda kuchota ufukweni.

Dokta wa Mbuzi
Lita 10 ni ndogo kwa jike wa ukubwa huo, atagota chini atagairi. Tafuta ya 20. Na mchanga wa ziwani peke yake haushiki, changanya na udongo.

Mwana wa Buhongwa
Ya 20 haiingii chini ya kitanda. Na nikiiweka barazani mama mwenye nyumba ataiona.

Mama Kuku Nyegezi
Mwambie umepanda mchicha.

Mwana wa Buhongwa
Mchicha unaofunikwa na chandarua?

Mama Kuku Nyegezi
Mwambie unazuia panzi.